Kigari Changu Si Mchezo wa Watoto

Wahenga walinena, usitupe mbachao kwa msala upitao. Wasomaji wapenzi, leo ninaitetea methali hii kwa kigari cha plastiki chenye urefu wa sentimita kumi tu.

Likizo ya Agosti nilikipata kwenye rundo la mitumba hapa Thika, ndani ya boksi lisilo na kifuniko. Kilikuwa lori la kuunganishwa kwa gundi, la kipimo cha 1:76. Maana yake, mita moja ya gari halisi huwa milimita 13 hivi, na lori la mita 7.6 hutoshea kiganjani. Gurudumu moja halikuwepo na bodi ilikuwa imepasuka. Nikatoa shilingi hamsini. Mama akaniuliza, "Wewe, hiyo takataka unaipeleka wapi?"

Sisi wa Landless tumezoea kuyaona malori ya jeshi katika barabara ya Garissa. Basi nikaamua langu liwe lile la kuvuta magari yaliyokwama, tunaloliita bredauni.

Rafiki yangu wa mtaani ni hodari wa mikono. Tulikata bodi kwa wembe, tukaunda kreni kwa spoki za baiskeli na kulabu kwa pini, kisha tukazungusha uzi kwenye kijiti cha kiberiti ukawa winchi. Siku ya kulijaribu, tukaning'iniza kigari kingine nyuma. Lo! Pua ya lori ikainuka juu! Tulicheka, halafu tukafikiri. Mzigo ulikuwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, nayo yakawa egemeo. Tukabandika vipande vya chuma kwenye bampa ya mbele, likatulia. Somo la wenzo nililokuwa nimelikariri tu bila kulielewa likaniingia jioni hiyo hiyo.

Nilipolipeleka kwenye maonyesho fulani, nikaambiwa eti vichezeo haviruhusiwi. Hapo ndipo sikubaliani.

Hapa Thika kuna kiwanda cha KVM, kilichoanza miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya. Kazi yake kubwa imekuwa kupokea vipande vilivyotengenezwa kwingine na kuviunganisha viwe gari. Disemba 2016, magari ya Volkswagen Polo Vivo yalianza kuunganishwa humo. Je, kuna aliyesema wale mafundi wanacheza? Tena kuunganisha ni kufuata maagizo, lakini kubadilisha kitu kiwe kingine ni lazima ufikiri. Mwaka wa 1990 nchi yetu ilizindua gari la Nyayo Pioneer, lililotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mradi ule ulikufa kwa kukosa pesa, si kwa kukosa akili.

Wengine watasema gari la jeshi linafunza vita. Jamani, hili langu halina bunduki. Kazi yake ni kurudi nyuma kumvuta mwenzake aliyezama matopeni.

Na hapa, wenzangu, ndipo moyo unaponiuma. Rafiki yangu yule aliacha shule muhula uliopita kwa sababu ya karo. Alama zake hazikuwa nzuri, na hakuna karatasi ya mtihani iliyowahi kumwuliza mikono yake inajua nini. Laiti mtu angaliona kazi yake mapema, labda angalipata wa kumshika mkono.

Kwa hivyo ninawaomba walimu wetu waheshimiwa mambo mawili tu: rafu moja maabarani na saa moja kila Ijumaa, tulete vitu vibovu tuvigeuze. Nasi wanachama wa Kiswahili tuandike kando ya kila kipande jina lake na kazi yake, maana hata mimi nilikwama nilipotaka kukieleza kigari changu kwa Kiswahili sanifu.

Kigari kipo juu ya kabati nyumbani. Rafu ikipatikana nitakileta, na jina la kwanza nitakaloliandika kando yake si langu.