Maumivu Nayo Yatunziwe Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka sokoni Baraka hahitaji kufundishwa maana ya methali hiyo; huandika kila deni lisije likasahaulika. Lakini huenda nyumbani mwake analala kijana anayeugua mwaka hadi mwaka, na maumivu yake hayajaandikwa popote. Nayo hupotea bila habari. Ninaamini kwamba mgonjwa wa muda mrefu anastahili daftari kama anavyostahili dawa, na kwamba vikundi vyetu vya vijana vinaweza kumsaidia kulitunza.

Tuchukue mfano wa drepanositozi, ugonjwa ambao kwetu huitwa mara nyingi SS, na ambao majirani zetu Watanzania huuita selimundu. Kongo ni miongoni mwa nchi ambamo huzaliwa watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huu. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, hata kama wao wenyewe hawaugui. Seli nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na mgonjwa hushikwa na maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Maumivu hayo hukaa saa au siku kadhaa, kisha huondoka. Hapo ndipo lawama huanza: leo kijana hawezi kusimama, na juzi alionekana akicheza mpira. Jirani husema ni mvivu. Mwalimu husema anajisingizia. Wengine hutafuta mchawi ndani ya ukoo.

Afikapo kwenye kituo cha afya, muuguzi humwuliza: yalianza lini? Mwezi huu ni mara ya ngapi? Umemeza dawa gani, saa ngapi? Mtu anayeumwa hawezi kuyakumbuka hayo yote. Daftari humkumbukia. Kaye moja ya shule na kalamu vinatosha. Aandike tarehe, mahali panapouma, ukali wa maumivu kuanzia 0 hadi 10, alichofanya kabla hayajaanza, dawa aliyomeza, na kama ilimfaa.

Baada ya miezi michache kurasa huanza kusema. Inajulikana kwamba upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu na maambukizi kama malaria huamsha maumivu ya SS, lakini si kwa kila mtu kwa namna ileile. Mmoja ataona kwamba huanguka akishinda juani Baraka bila kunywa maji. Mwingine, kwamba baridi ya usiku huko milimani Fizi ndiyo imwumizayo. Akiyajua hayo, aweza kujikinga.

Hata elimu ya kitabibu juu ya ugonjwa huu ilianzia katika maandishi ya namna hiyo. Mwaka 1904 Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada, alilazwa hospitalini Chicago, Marekani. Daktari kijana, Ernest Irons, aliandika hali yake na kuifuatilia kwa zaidi ya miaka miwili; na mwaka 1910 mkuu wake, James Herrick, alichapisha habari hizo. Ndipo matabibu wa Magharibi walipoanza kuutambua ugonjwa ambao Waafrika walikuwa wakiumwa tangu kale. Yasingeandikwa, mateso ya Noel yangesahaulika kama shida ya mgeni mmoja.

Wako watakaosema kwamba kuandika maumivu ni kunung'unika, na kwamba Mkristo hana budi kuvumilia kimya. Ayubu hakunyamaza, katikati ya mateso alitamani maneno yake yaandikwe kitabuni. Kuvumilia si kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine wanahofu kwamba mgonjwa atazama katika huzuni kwa kusoma mateso yake tena na tena. Hofu hiyo ina ukweli wake. Kwa hiyo siku njema nazo ziandikwe: siku aliyolala vizuri, siku aliyoimba kwaya hadi mwisho. Wala daftari si tiba. Homa, kukosa pumzi, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili ni mambo ya kukimbilia hospitali mara moja, kuandika kutangoja.

Sisi wa Fizi tuna sababu moja zaidi. Vita vimetukimbiza mara nyingi, na karatasi za hospitali hubaki nyuma. Kaye iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki hubebeka. Ukurasa wake wa kwanza uwe na jina la ugonjwa, kundi la damu na dawa zinazomdhuru mgonjwa, ili muuguzi asiyemjua apate pa kuanzia.

Vijana wapendwa, tarehe 19 Juni, siku ya kimataifa ya ugonjwa huu, hotuba hazitakosekana. Kazi yenu ni ya siku nyingine zote. Kwa asiyejua kuandika, au ambaye mkono wake umevimba, keti naye aseme kwa Kibembe au kwa Kiswahili, nawe uandike kama alivyosema, bila kupunguza wala kuhukumu. Aliyokuambia ni mali yake, usiyatangaze. Na yule anayeitwa mvivu, anzeni kwa kumsadiki.