Watoto wetu huenda Ngomeni, Gazi wanaipita tu

Kila muhula unapokaribia kufungwa, barabara ya Lungalunga hadi Likoni hujaa mabasi ya manjano. Ndani yake ni watoto wa Msambweni, Ukunda na hata Vanga, sare zimepigwa pasi, mikoba ina soda na mikate, nyimbo haziishi mpaka feri. Waulize wanakwenda wapi, jibu ni moja: Mombasa, Fort Jesus.

Sina ugomvi na safari hizo. Kwa mtoto wa Lungalunga ambaye hajawahi kuvuka, feri ya Likoni peke yake ni hadithi ya wiki nzima. Ninachouliza ni hiki: mzazi akishatoa pesa ya basi, kiingilio na chakula, wakati huu ambapo unga na nauli havishikiki, mtoto anarudi na nini kichwani?

Nimeandamana na safari hizi kama mzazi zaidi ya mara moja na ratiba nimeikariri. Kutoka alfajiri. Foleni ya feri. Picha Mapembeni. Ngomeni saa moja, ikizidi sana saa moja na nusu. Kisha Mama Ngina kula mihogo na kachiri, halafu foleni ya feri tena. Mji wa Kale wenyewe, na milango yake ya nakshi na Msikiti wa Mandhry, watoto wengi huuonea dirishani au hawauoni kabisa. Basi haliingii vichochoro vile, na walimu wawili hawawezi kuwachunga watoto sitini kwa miguu.

Hata hiyo saa moja ya Ngomeni husimuliwa kwa mkato. Watoto huambiwa Mreno alianza kujenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano, Cairati. Huambiwa Waomani waliizingira ngome tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698. Hapo hadithi huruka hadi 1895 Waingereza walipoifanya jela, kisha 1960 ikawa makumbusho na 2011 ikaingia katika orodha ya UNESCO. Watoto huandika tarehe daftarini, basi. Lakini kati ya 1698 na 1895 kuna karibu miaka 200, na humo ndimo tulimo sisi watu wa kusini.

Katika miaka hiyo Mombasa ilitawaliwa na ukoo wa Mazrui. Walianza kama maliwali wa Oman, kisha wakakataa kutawaliwa kutoka Maskati. Sayyid Said alihangaika nao miaka mingi mpaka 1837 alipoutwaa mji, na viongozi wao wakakamatwa na kusafirishwa hadi Bandar Abbas, Uajemi. Walionusurika waligawanyika. Wengine walikwenda kaskazini, Takaungu. Wengine walikuja kwetu, Gazi.

Ndiyo, Gazi hii hii ya mikoko na dagaa. Hapo ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid, aliyewasumbua masultani wa Unguja kwa miongo kadhaa na baadaye akapigana na Waingereza. Agosti 1895 Admirali Rawson alipanda na askari wake hadi Mwele, kwenye vilima vya bara ya Kwale, akaivunja boma yake. Mwaka uliofuata Mbaruk alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam mpaka alipofariki 1910. Kwa hiyo mwaka ule ule Ngome ilipogeuzwa jela, vita vilikuwa huku kwetu. Mtoto wa Gazi anapita mlangoni mwa historia hiyo akiimba, anakwenda kusimuliwa habari za Mreno.

Sisemi Mbaruk afanywe shujaa. Ukoo wake ulimiliki mashamba na watumwa, na ziko familia Kwale ambazo zina sababu ya kutolipenda jina hilo. Hayo nayo mtoto ayasikie, na ayasikie hapa, kwa wazee wanaoyakumbuka kutoka kwa babu zao. Akishayajua, akifika Ngomeni ataona mji ambao watu walifukuzwa wakaja kuishi jirani na kwao. Ataanza kuuliza maswali yake mwenyewe.

Na si Gazi pekee. Shimoni kuna mapango ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa kabla ya kupakiwa majahazini. Kinondo kuna kaya ambayo ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya Fort Jesus. Mgeni kutoka Ulaya aliyeshukia hoteli ya Diani hufungwa kaniki akaingizwa msituni kwa heshima zake. Watoto wa shule zilizo karibu na msitu huo wangapi wameingia?

Walimu niliozungumza nao wana majibu, na si ya kupuuzwa. Mzazi hulipa akisikia Mombasa. Akisikia Shimoni husema huko mtoto atakwenda na mjomba wake. Pia hakuna aliyewaandalia maelezo ya kufundishia, ingawa mtaala wa sasa unamtaka mwanafunzi wa Gredi ya Nne aijue kaunti yake. Hapa kaunti haiwezi kusema shule za msingi ni za serikali kuu. Kweli, zake ni za chekechea, lakini Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti utamaduni, makumbusho na utalii wa ndani. Kijitabu cha kurasa ishirini kuhusu Gazi, Mwele, Kinondo na Shimoni, kikiandikwa na walimu wetu na wazee wetu, ni kazi iliyo ndani ya uwezo huo, na gharama yake haifiki ya tamasha moja la siku mbili.

Kuna jingine ambalo halisemwi sana. Safari ya Mombasa ikipanda bei, kuna watoto wanaobaki. Huwa najua ni akina nani: siku hiyo wanacheza uwanjani bila mwalimu, na Jumatatu wananyamaza wenzao wakisimulia feri. Safari ya Gazi wangekwenda wote, tena wengine kwa miguu.

Mombasa isifutwe. Ila basi linalotoka Lungalunga asubuhi likikunja Shimoni kwanza, likasimama Gazi kabla ya saa nne, linaweza kufika Ngomeni adhuhuri. Watakaoikosa ni mihogo ya Mama Ngina, na hata hiyo Likoni ipo.