Bahasha zetu ziwe na vipimo vinavyoeleweka

Wadau, leo nataka tuongelee bahasha. Waandishi wenzangu msianze kucheka, sizungumzii ile inayogawiwa mwisho wa semina. Hiyo nitaitafutia siku yake. Naongelea bahasha yenyewe, ya kutia barua na kubandika stempu.

Najua mtauliza: nani anaandika barua zama hizi za WhatsApp? Swali zuri. Barua za "wasalimie wote hapo nyumbani" zimekufa, na mimi sizililii. Lakini hebu tazameni zilizobaki: samansi ya mahakama, barua ya benki, cheti, nyaraka za mirathi, barua ya kuitwa kazini. Ni chache, ila kila moja ikipotea kuna mtu anaumia.

Chukueni mfano wa Ruanda. Siyo nchi ya jirani, nasema kata ya Ruanda wilayani Mbinga, kule kwenye makaa ya mawe ya Ngaka. Tatizo limeshaanza hapo hapo kwenye jina. Jiji la Mbeya nalo lina kata inaitwa Ruanda. Mtu akiandika "Ruanda" kwa mwandiko wa daktari kwenye kona ya bahasha, anayechambua barua ana njia tatu mbele yake: Mbinga, Mbeya au Kigali. Ukishuka ziwani mambo hayawi mepesi. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kwa hiyo anwani ya zamani ya mtu wa Liuli au Mbamba Bay inaweza kuwa bado imebeba jina la Mbinga.

Halafu watu wengi vijijini hawana sanduku lao. Wanatumia S.L.P. ya shule, ya parokia au ya ofisi ya kijiji. Barua moja inapita mikono mingi kabla ya kumfikia mwenyewe, na kila mkono unategemea kilichoandikwa juu ya bahasha na mahali kilipoandikwa.

Hapo ndipo vipimo vinapoingia. Wenzetu walilifikiria hili zamani. Mwaka 1922 Ujerumani ilitoa kanuni ya ukubwa wa karatasi, ile iliyotuletea A4 ya sentimita 21 kwa 29.7. Bahasha zikafuata karatasi. A4 isiyokunjwa inaingia kwenye C4. Ikikunjwa mara moja inaingia C5, mara mbili C6, na ikikunjwa sehemu tatu inaingia DL, ile ndefu ya sentimita 22 kwa 11. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, nao una kipimo chake cha barua ya kawaida: isipungue sentimita 14 kwa 9, isizidi 23.5 kwa 12, unene usizidi milimita 5 na uzito usizidi gramu 20. DL na C6 zinapita hapo bila shida.

Faida ni nini? Kwanza, bei. Bahasha ikiwa na kipimo, unajua gharama kabla ya kufika dirishani. Uingereza mwaka 2006 walianza kutoza barua kwa ukubwa pamoja na uzito, na kila mtu akajua bahasha gani iko kundi gani.

Pili, usalama wa kilichomo. Kisanduku cha posta ni kidogo. Bahasha ya kaki isiyo na mpango hukunjwa na kusukumizwa ndani, na cheti cha mtoto wa mtu kinatoka na mistari kama kiganja cha mzee.

Tatu, na kwangu hii ndiyo kubwa, anwani inakuwa na mahali pake. Stempu juu kulia, mtumaji juu kushoto au nyuma, mpokeaji katikati: jina, kwa mkono wa nani, sanduku, mji, mkoa, postikodi. Postikodi za Ruvuma zinaanza na 57, za Mbeya zinaanza na 53. Tarakimu mbili tu zinamaliza ubishi wa Ruanda ipi. Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni Anwani za Makazi nchi nzima. Kazi yote ile itatufaa nini kama juu ya bahasha kila mtu anaandika anavyojisikia?

Kuna atakayesema nawabebesha watu wa hali ya chini gharama. Wengine tumekua tukitengeneza bahasha kwa karatasi ya daftari na kuigundisha kwa ugali, na zilifika. Sizipingi hata kidogo. Kipimo siyo chapa ya kiwandani. Ukiwa na rula, sentimita 16.2 kwa 11.4 unaikata mwenyewe mezani, na ugali wako ni ule ule.

Mzigo ninaotaka kuutua uko kwa wakubwa. Halmashauri, mahakama, benki, shule na vyuo ndio wanaotuma barua zenye uzito, na ndio wenye uwezo wa kuagiza bahasha za aina moja zenye mistari ya anwani na postikodi iliyokwisha chapwa. Aina tatu zinatosha: DL, C5 na C4. Shirika la Posta libandike mfano wake ukutani kwenye kila ofisi, na walimu wa Kiswahili wanaofundisha uandishi wa barua waufundishe na upande wa nje.

Mjane anayesubiri barua ya mirathi pale Ruanda hahitaji teknolojia mpya. Anahitaji bahasha iliyoandikwa vizuri.

Nawasilisha.