Ukuta Uotao Ukungu



Mama mmoja wa Mji wa Kale ameuliza: kila masika ukuta wa chumba cha wanawe huota ukungu mweusi, hupaka rangi, na mwezi haupiti doa limerudi. Mwanawe mdogo ana pumu. Afanyeje?

Kwanza, mama, acheni kupaka rangi. Ukungu ni kiumbe hai, na hauoti pasipo unyevu. Rangi hukifunika tu, haikiui.

Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wazee walijua walitendalo. Jiwe hilo hufyonza maji, na chokaa huyaacha yatoke kuwa mvuke. Siku hizi fundi huja na saruji, akapiga lipu ngumu na juu yake rangi ya mafuta; ukuta ukapendeza kwa muda. Maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea, yakaibambua lipu na kuacha ungaunga mweupe wa chumvi. Lipu hiyo na ibanduliwe, ukuta ukaushwe na kaskazi, kisha upigwe lipu ya chokaa.

Lakini kabla ya kumwita fundi, tafuteni maji yatokako: mchirizi ulioziba, bomba livujalo, choo cha ghorofa ya juu. Ikiwa chanzo ni jirani au mwenye nyumba, kumwambia si ugomvi. Madhara huondolewa, na fiqhi haikumbagua mwenye mali.

Kwa sasa mtoto na alale chumba kingine, wala asiwepo mnaposafisha. Doa lisisuguliwe likiwa kavu, kwani mbegu zake huruka hewani. Jifungeni kitambaa puani, osheni kwa sabuni na maji, kisha mkaushe. Mwenye kutumia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe asiichanganye na siki wala dawa ya choo. Mvuke wake hudhuru mapafu. Godoro la sufi lililoingia ukungu litupwe.

Kabati la misahafu na mabuibui lisogezwe shubiri moja kutoka ukutani. Nguo mbichi zisianikwe chumbani. Na udi, nasema haya nami naupenda, huficha harufu. Ukungu hubaki palepale.

Pumu ya mtoto ikizidi, mpelekeni kwa daktari, na mumweleze habari za ukuta huo.