ELIMU JUU YETU IRUDI KWETU

Wasomi hawajachoka kuichunguza Pwani yetu. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili hutoka kitabu kipya huko ng'ambo: kimoja chaeleza majumba yetu ya mawe, kingine picha zetu za zamani, kingine siasa zetu, kingine mafundisho ya masheikh wetu. Kazi hizi si haba, na nyingi ni nzuri. Swali letu leo ni moja tu: mwana wa Ziwa la Ng'ombe azipate wapi?

Twautaja mtaa huo kwa makusudi. Ziwa la Ng'ombe si Mji wa Kale. Haina ngome wala milango ya nakshi inayopigwa picha na watalii. Ni mtaa wa watu wengi wenye pato dogo, ulio katika eneo bunge la Nyali, nao wakaaji wake wametoka kisiwani, Kilifi, Kwale, Taita na bara ya mbali. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kwamba historia ni mali ya watu wa upande wa pili wa daraja. Hayo ni makosa. Jirani yao ni Kongowea, jina ambalo hapo kale lilikuwa jina la Mombasa yenyewe. Jirani yao tena ni Kengeleni, ambako mnara wa kengele wakumbusha Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875. Ukishika njia ya Malindi ukavuka daraja la Mtwapa, wakutana na magofu ya mji wa Waislamu wa kale. Mtaa huu umezungukwa na historia pande zote, ila wenyewe hawajasomewa.

Tutoe mfano wa hapo Mtwapa. Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80, wengi wao wakiwa wa miji ya mwambao, walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Mtwapa ilikuwa miongoni mwa miji hiyo. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ni Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba. Ilionekana kwamba kwa wengi wa watu hao, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu kubwa ya asili yao nyingine ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000, wakati Uislamu ulipokuwa ukienea mwambaoni. Basi wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wazushi, na wale walioshikilia Uafrika wetu hawakukosea. Ugomvi wa miaka mingi kuhusu Mswahili ni nani, ambao wanasiasa wameutumia kutugawa, wapata hapa jibu la kutuliza moyo. Lakini ni wangapi waliopata kulisikia kwa lugha yao?

Sasa tuje kwenye picha, maana hapa ndipo mambo yanapotugusa zaidi. Mwaka 2024 Prita Meier, bingwa wa historia ya sanaa aliyekwisha kuandika juu ya majengo ya miji yetu mwaka 2016, alitoa kitabu kizima kuhusu picha za kamera katika mwambao wa Waswahili. Aonyesha kwamba picha kwetu haikuwa ukumbusho wa sura tu. Ilikuwa pambo la nyumba, ikawekwa ukutani pamoja na sahani za kigeni na vioo, kuonyesha kwamba mwenye nyumba ni mtu wa watu na ana mkono mrefu baharini. Hapa Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, watu wa kila kabila na kila dini waliingia studio ya Bwana Parekh wakiwa wamevaa nguo zao bora, wakatoka na sura waliyotaka dunia iwaone nayo. Picha hizo zimekwisha kuandikiwa tasnifu huko Marekani.

Lakini zipo picha za namna nyingine. Katika siku za ukoloni wapiga picha wa mjini Unguja na Mombasa waliwapiga wanawake wengi wa mwambao, wengine wakiwa watumwa au watu waliotoka utumwani, na picha hizo zikafanywa postikadi, zikauzwa kwa wageni na kupelekwa Ulaya. Chini yake hapakuandikwa jina la mtu. Paliandikwa tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, kana kwamba ni aina ya ndege. Mama huyo hakuulizwa. Leo sura yake imo katika maktaba za Ulaya na Marekani, imo katika vitabu, na pengine mjukuu wake yuko Ziwa la Ng'ombe akiuza mahamri, wala hana habari.

Bi Heike Behrend wa Ujerumani naye alitoa kitabu mwaka 2013 juu ya picha katika Pwani hii. Aliwaandika wapiga picha waliokuwa wakifanya kazi kando ya feri ya Likoni na mapazia yao ya rangi, na aliandika pia juu ya Waislamu wanaojizuia kupigwa picha, hasa wanawake katika arusi. Jambo la kupendeza ni kwamba hakulitazama jambo hilo kama ujinga au kubaki nyuma. Alilitazama kama uamuzi wa watu wenye fikira zao juu ya nani aone nini. Sisi tuna neno letu la zamani kwa jambo hilo: stara. Wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu hukumu ya picha ya kamera, nasi si kazi yetu kutoa fatwa. Lakini hapana aliyekhitalifiana kwamba sura ya mwanamke wa watu ni amana. Aliyeipokea kwa ruhusa ya arusini hana ruhusa ya kuitembeza sokoni. Amri hiyo yamhusu mwenye simu leo kama ilivyomhusu mwenye kamera ya miguu mitatu zamani.

Basi twasema hivi: elimu mpya imetufanyia wema, kwani imetuonyesha kwamba picha si kitu cha mchezo, ina mwenyewe, na ina nguvu ya kumpandisha mtu au kumshusha. Lakini wema huo haujatimia mpaka ufike kwa wenyewe. Mwaka 2017 yalifunguliwa maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili katika Chuo Kikuu cha Illinois, yakaenda Washington na Los Angeles. Vitu vingine vilitoka katika makumbusho yetu wenyewe ya Kenya. Watoto wa Marekani wakaviona vyote pamoja chini ya dari moja. Mtoto wa Ziwa la Ng'ombe hajapata bahati hiyo.

Wala tusiwatupie wageni lawama zote. Bwana Joe Khamisi, mwenzetu wa Pwani aliyekuwa mbunge wa Bahari, alitoa mwaka 2016 kitabu juu ya watumwa waliokombolewa wa Rabai na Frere Town. Ni kazi ya kusifiwa, lakini nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Tena Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wa Mazrui waliotawala Mombasa. Kitabu hicho kilichapishwa Uingereza kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, karibu miaka 50 baada ya kufa kwake. Msomaji wa Kiswahili amebaki mlangoni.

Hata hivyo njia nzuri ipo, na imekwisha kuonyeshwa kwa maandishi ya sheikh huyo huyo. Mwaka 2017 makala zake za miaka ya 1930, alizowaandikia Waislamu wa Mombasa katika gazeti lake, zilichapishwa upya Uholanzi chini ya jina la Uwongozi, na Kai Kresse na Hassan Mwakimako. Kiswahili chake kimewekwa ubavuni mwa tafsiri ya Kiingereza. Msomi wa Ulaya akasoma chake, na mjukuu wa sheikh akasoma chake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama jambo limewezekana kwa kitabu kimoja, haliwezi kuitwa muhali kwa vingine.

Najua atatokea wa kusema: watu wa Ziwa la Ng'ombe wana shida ya maji na ya kodi, wewe wawaletea habari za picha na vitabu! Mwenye kusema hivyo na atazame mambo ya ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika Pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa kupeleka madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na makaratasi na mawakili walipata hati. Wamijikenda wengi, na watumwa walioachwa huru mwaka 1907, walibaki mikono mitupu. Frederick Cooper aliyaeleza hayo kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu namna watumwa walivyogeuka maskwota. Huyu anayeitwa leo skwota katika bara ya Mombasa ni mtoto wa historia hiyo, iwe aijua au haijui. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi tumeyaona kwa macho yetu. Kujua yaliyopita si anasa ya wenye kushiba.

Kwa hiyo tuna maombi matatu.

La kwanza ni kwa wasomi, wageni na wenyeji. Hatuwaombi kutafsiri kila kitabu. Twawaomba kila mmoja aandike muhtasari wa Kiswahili chepesi, hata wa kurasa 20, na nakala zake ziwekwe Fort Jesus, Chuo Kikuu cha Pwani na katika maktaba ya umma. Kisha arudi pale alipokusanya habari, akae na watu barazani, awaeleze alichokiona na asikie wanavyomsahihisha. Na sura ya mtu isitiwe kitabuni kabla ya kuulizwa mwenyewe au jamaa zake wanapojulikana.

La pili ni kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Katiba ya mwaka 2010 imeweka maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti, na imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Maonyesho ya picha za zamani hayahitaji jumba la fahari. Ukumbi wa shule watosha. Yaanze Kisauni, Likoni na Changamwe, si kisiwani tu.

La tatu ni kwetu sote. Katika nyumba nyingi limo sanduku chini ya kitanda, na ndani yake mna picha ya bibi, hati ya kadhi ya arusi, barua ya herufi za Kiarabu ambayo vijana hawawezi tena kuisoma. Wazee wangali hai, alhamdulillahi. Waulizeni. Andikeni kwa penseli nyuma ya kila picha: huyu ni nani, binti wa nani, ilipigwa wapi, mwaka gani. Wekeni mahali pakavu, mbali na mchwa. Anayejua kuzisoma herufi zile za zamani awafunze watoto chuoni jioni moja kwa juma. Kazi hiyo haigharimu chochote ila saa chache, nayo haingoji msomi wala serikali.

Yule mama wa kwenye postikadi hatutamjua jina tena. Mama zetu na bibi zetu bado twawajua, na kuyaandika majina yao ni wajibu wetu wa leo.