Nani Amewasha Taa?



Sisi tuliozaliwa Karagwe na Kyerwa tunaijua kazi ya taa msimu wa senene. Taa kali huwashwa usiku, mabati husimamishwa kuizunguka, senene huufuata mwanga, hugonga bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Mwanga unaowavuta ndio unaowaangusha.

Tunayakumbuka hayo tunapoijadili Mothlight, filamu ya Mmarekani Stan Brakhage ya mwaka 1963. Hakutumia kamera. Alikusanya mabawa ya nondo waliokufa, akayabandika pamoja na majani kwenye utepe unaopitisha mwanga. Ni dakika chache tu, bila sauti wala hadithi. Baadhi ya mafrateri wenzetu wanasema hiyo si filamu. Tunawaelewa: tumekulia kwenye mabanda ya video, ambako mtafsiri hutueleza hata yale ambayo macho yangetosha kuyaona.

Hata hivyo, tunaamini mwanafunzi wa falsafa ana la kujifunza hapo. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde, na kati ya picha moja na nyingine projekta huziba mwanga. Tunakaa gizani mara nyingi bila kujua. Peter Kubelka wa Austria katika Arnulf Rainer (1960), na Tony Conrad wa Marekani katika The Flicker (1966), waliondoa picha wakaacha mwanga na giza. Watazamaji wengi wa The Flicker huona rangi ambazo hazimo kwenye utepe. Conrad aliweka onyo mwanzoni, kwa sababu mwanga wa namna hiyo unaweza kuamsha kifafa. Nasi tusiionyeshe bila kuwajali wenzetu wenye ugonjwa huo.

Kumbe kuona si kupokea tu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ukweli unakaa hasa katika akili inayopambanua, si katika macho peke yake.

Kesho tutatumwa parokiani, kwa vijana wenye simu mkononi usiku kucha. Tukiwakataza tu, watatusikiliza mbele yetu na kuwasha simu tukiondoka. Afadhali tuwafundishe kujiuliza, kama tunavyopaswa kujiuliza sisi wenyewe kwanza: nani amewasha taa hii, na pipa lake liko wapi?