Anayekesha Matangani Hashindwi na Filamu

"Hii filamu imekufa. Hakuna kinachotokea." Kijana mmoja wa Kihonda, mjini Morogoro, aliyasema hayo dakika ya 20, akanyanyuka. Waliobaki mbele ya kompyuta wakamuunga mkono: sinema ya polepole ni ya Wazungu, Mswahili anataka ngumi. Imani hiyo imeenea hata kwa watengenezaji wa filamu zetu, na haina ukweli hata chembe.

Filamu yenyewe ni This Is Not a Burial, It's a Resurrection, ya Lemohang Jeremiah Mosese wa Lesotho. Ilioneshwa kwanza Venice mwaka 2019, na mwaka 2020 ikapata tuzo maalumu ya tamasha la Sundance. Mzungu yuko wapi hapo? Waigizaji wanazungumza Kisotho, ambamo mtu ni motho na maji ni metsi. Anayeona ugeni humo hajatega sikio.

Mantoa, kikongwe wa miaka 80, anamngoja mwanawe arudi kutoka migodini Afrika Kusini. Zinakuja habari za kifo chake. Mjane huyo, aliyekwisha kuwazika wengine wote, anaanza kupanga maziko yake mwenyewe. Anasikiliza matangazo ya vifo redioni, anakaa, na kamera inakaa naye. Kisha serikali inatangaza kwamba kijiji kitafunikwa na maji ya bwawa, pamoja na makaburi.

Mwandishi wa makala haya naye aliiacha njiani mara ya kwanza. Kilichombadilisha ni msiba upande wa Matombo, chini ya Milima ya Uluguru. Siku tatu wanawake walikaa mikekani, wanaume kwenye mabenchi chini ya mwembe. Mtu anafika, anatoa pole, anakaa, hasemi neno tena mpaka jua linazama. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kitatokea nini. Mwandishi aliporudi mjini aliifungua filamu ile upya na kuitazama hadi mwisho bila kuondoa macho.

Watu wanaokesha matanga, wanaongoja arobaini, waliokulia kwenye nyumba ambamo Redio Tanzania ilipoanza kutangaza vifo kila mtu alinyamaza, wanaambiwa hawana subira ya saa mbili! Subira tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kutuheshimu anapotutengenezea filamu. Kwenye vibanda umiza vya kuoneshea filamu spika hufunguliwa mpaka mabati yanatetemeka, na msimuliaji hajui kunyamaza hata mwigizaji anapolia. Ugonjwa huo umeingia hata misibani: siku hizi mjini kuna mshereheshaji na ratiba, wafiwa wanahimizwa, jeneza linatolewa mbiombio ili watu wawahi kazini. Ni aibu.

Na Waluguru, wenyeji wa Milima ya Uluguru, kuliko wengi, wana sababu ya kuitazama filamu hii. Kwao ardhi imefuata lukolo, ukoo wa upande wa mama, na makaburi ya wazee ndiyo yanayoonesha shamba ni la nani. Bwawa la Mindu wanaliona kila wapitapo barabara ya Iringa. Sasa linajengwa la Kidunda kwenye Mto Ruvu, mto unaokusanya maji ya Uluguru na kuyapeleka Dar es Salaam, kama vile maji ya milima ya Lesotho yanavyokwenda Afrika Kusini. Dar es Salaam inahitaji maji, hilo halina ubishi. Lakini Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inatambua kwamba kaburi halihamishwi kama gunia la mahindi: imeweka fidia hata kwa gharama za matambiko. Mantoa anagoma kuhama kwa sababu hiyo hiyo, na kumwelewa kunataka muda. Ukikata ule ukimya wake, unabaki na bibi mkaidi anayezuia maendeleo.

Mary Twala, aliyemwigiza Mantoa, alifariki Julai 2020, filamu ikiwa haijatimiza mwaka tangu ioneshwe Venice. Itafute, uitazame usiku, simu ikiwa imezimwa, na kama bibi yako yu hai, mkalishe karibu nawe.